Watu wa Kilombero hawakuomba pantoni kubwa zaidi

MSAFIRI anayetoka Ifakara kwenda Mahenge siku hizi huuvuka Mto Kilombero bila kuteremka garini. Daraja lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa Mei 2018 na Rais John Magufuli na kupewa jina lake, limeugeuza mto huo kuwa jambo la dakika moja. Watoto wanaoanza shule sasa upande wa Lupiro hawaujui mlio wa injini ya pantoni.

Wazazi wao wanaujua vizuri. Wanakumbuka foleni ya malori ya mpunga na mbao, matope ya masika kwenye njia ya kushukia majini, na ule ubishi wa nani aliyetangulia kufika. Zaidi ya yote wanakumbuka kukuta kivuko kimefungwa kwa sababu giza limeingia. Kwa mfanyabiashara, kufungwa huko kulikuwa na maana ya kulala kando ya mto. Kwa mama mjamzito aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Mtakatifu Francis mjini Ifakara, kulikuwa na maana nyingine kabisa.

Kumbukumbu hizo zinastahili kutazamwa upya wakati huu ambapo vyombo vya kubeba abiria, nchini na ulimwenguni, vinazidi kukua. Katika Ziwa Victoria, meli ya MV Mwanza iliyoteremshwa majini Februari 2023 imejengwa kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari 23. Januari 2024 bandari ya Dar es Salaam iliipokea meli ya kitalii ya Norwegian Dawn ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Mwezi huo huo, kutoka Miami nchini Marekani, ilianza safari meli ya Icon of the Seas, yenye urefu wa mita 365 na uwezo wa kuchukua wasafiri wapatao 7,600 vitanda vyote vikijaa. Ukilinganisha, hiyo ni sawa na kukusanya wakazi wa vijiji kadhaa vya bonde la Kilombero na kuwapandisha katika chombo kimoja.

Kila chombo kikubwa kinapozinduliwa, hotuba huwa ni za tani, mita na mabilioni ya fedha. Kinachosemwa na atakayekaa ndani ya chombo hicho husikika kwa nadra. Na yeye, ukimsikiliza, mara nyingi hazungumzii ukubwa. Anauliza chombo kitaondoka saa ngapi, kama kuna mtu anayehesabu watu wanaoingia, na namna ya kutoka endapo mambo yataharibika.

Swali la kwanza ndilo lililowasumbua zaidi watu wa Kilombero. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kivuko cha magari sita kinachovuka kila nusu saa huvusha magari 12 kwa saa. Kikiondolewa na kuletwa kingine cha magari 12 kinachovuka mara moja kwa saa, taarifa ya serikali itasema uwezo wa chombo umeongezeka maradufu. Lakini idadi ya magari yanayovuka kwa saa ni ile ile, na aliyechelewa kidogo sasa anangoja saa nzima badala ya nusu saa. Chombo kikubwa huchukua muda mrefu zaidi kupakia na kushusha, na kwa kawaida hungoja kijae. Abiria aliyesimama juani na kuku wake mkononi huiona tofauti hiyo kabla ya mhandisi.

Isitoshe, chombo kizito huzama zaidi ndani ya maji na hudai kina kirefu. Mto Kilombero si ziwa. Ndio unaochangia zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji, nao hubadilika kwa msimu: wakati wa masika hutapakaa katika tambarare lililotambuliwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, wakati wa kiangazi hujikunja na kuacha mafungu ya mchanga. Mahali pa kushukia panapofaa mwezi Aprili huenda pasifae mwezi Oktoba. Katika mto wa namna hiyo, ukubwa wa chombo unaweza kuwa mzigo badala ya msaada.

Halafu ikaja ajali ya Januari 2016. Kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka usiku, wakati wa upepo mkali na mvua, kikiwa na abiria wapatao 30 na magari kadhaa. Karibu wote waliokolewa, na kwa sababu hiyo habari yake ilipita haraka katika vyombo vya habari. Pengine ilipita haraka mno. Maana tumezoea kuelezwa kwamba vyombo vyetu huzama kwa sababu vimefurika watu, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Watu 30 juu ya kivuko cha magari hawawezi kuitwa mafuriko ya watu. Pantoni ni sahani pana yenye magari juu yake; mzigo wote umekaa juu ya maji, si chini yake, na ubavu wa magari hupokea upepo kama tanga. Upepo ukija pamoja na mkondo, sahani hiyo huinuka upande mmoja, na gari likishaanza kuteleza hakuna nahodha wa kulirudisha.

Kwa hiyo, aliyedhani kwamba jawabu la Kilombero lingekuwa pantoni pana zaidi, yenye magari mengi zaidi juu yake, alipaswa kufikiri mara mbili. Wananchi wa Ulanga na Kilombero walikuwa wamekwisha kufikiri. Kwa miaka mingi kilio chao kilikuwa daraja. Ajali ilipotokea ujenzi ulikuwa umeanza, na ulipokamilika uligharimu zaidi ya Sh bilioni 60. Tangu siku hiyo mabishano juu ya ukubwa wa kivuko yakafa yenyewe.

Hata hivyo, si kila maji yanajengeka daraja. Ghuba ya Mwanza imejengewa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025 kwa gharama inayozidi Sh bilioni 700. Hakuna anayetarajia jambo kama hilo kati ya Ukerewe na Ukara hivi karibuni, wala kati ya Dar es Salaam na Unguja. Huko abiria ataendelea kutegemea chombo, na huko ndiko swali la pili, la kuhesabu watu, limelipiwa kwa gharama kubwa zaidi.

MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996 ikielekea Mwanza, uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. MV Spice Islander I, iliyozama Septemba 10, 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, iliruhusiwa kubeba watu wapatao 600, nayo ilibeba mara kadhaa ya hao. Kivuko cha MV Nyerere kilisajiliwa kuchukua abiria 101. Kilipopinduka Septemba 20, 2018, kikiwa kinakaribia gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, walikufa watu 228 na kunusurika 41. Si lazima mtu awe mtaalamu wa hesabu.

Kinachoonekana katika orodha hiyo ni kwamba meli na kivuko, kikubwa na kidogo, vyote vilijazwa kwa namna moja. Chombo cha watu 101 kilijazwa zaidi ya mara mbili, na cha watu 600 vivyo hivyo. Baada ya msiba wa Ukara serikali ilijenga kivuko kikubwa zaidi kwa njia hiyo, MV Ukara II, na hatua hiyo ilistahili pongezi, kwa kuwa watu waliojazana walikuwa wakikimbilia chombo pekee kilichokuwapo siku ya gulio. Lakini kama mlango wa kuingilia hauna mtu anayehesabu, na mwenye mamlaka ya kusema basi, wengine wangoje, kuongeza viti ni kuongeza tu idadi ya watakaojazana.

Upo pia upande mwingine ambao hotuba za uzinduzi huuruka. Njia inapotegemea chombo kimoja kikubwa, siku kikiharibika njia nzima huharibika. Wakazi wa Kigamboni wanaweza kutoa ushahidi. MV Magogoni, pantoni ya watu 2,000 na magari 60, ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa kivuko chao. Mwaka 2023 ilipelekwa Mombasa kwa ukarabati mkubwa, ukarabati ukachukua muda mrefu kuliko ulivyotangazwa, na vyombo vidogo vilivyobaki vikaelemewa hadi mwaka 2025 zikaingizwa boti za kampuni binafsi ya Azam kusaidia. Boti hizo ni ndogo, lakini ni nyingi na huondoka mara kwa mara.

Kigamboni ndiko pia kulikotolewa mfano mzuri wa jinsi maoni ya abiria yanavyopokelewa. Januari 2012 nauli ya kivuko ilipopandishwa kutoka Sh100 hadi Sh200, wananchi walilalamika. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Dk John Magufuli, aliwajibu kwamba asiyetaka kulipa apige mbizi au azunguke kwa barabara ya Kongowe. Ni waziri huyo huyo aliyesimamia ujenzi wa daraja la Kigamboni, na akiwa rais akafungua lile la Kilombero. Mtu anaweza kuwajengea abiria daraja bila kuwa na subira ya kuwasikiliza.

Abiria wa meli za kitalii, kwa upande wao, husikilizwa kwa sababu moja tu: asiporidhika hatarudi, na fedha zake zitakwenda kwa kampuni nyingine. Kati yao wapo wanaopenda meli kubwa kwa dhati, hasa familia zenye watoto, kwa ajili ya mabwawa na michezo iliyomo ndani. Wapo wanaosema meli imegeuka mji, kwamba husimama foleni ya chakula, foleni ya lifti na foleni ya kushuka bandarini, na kwamba bahari yenyewe hawaioni. Wenyeji wa bandari nao wana lao. Kuanzia Agosti 2021 Italia ilizizuia meli kubwa kupita katika mfereji wa Giudecca mjini Venice. Mtu wa Kivukoni angeshangazwa na bwawa la kuogelea ndani ya meli, foleni isingemshangaza.

Hata matajiri hao walikumbana na swali la tatu, la namna ya kutoka. Usiku wa Januari 13, 2012 meli ya Costa Concordia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia ikalala ubavu. Wakafa watu 32. Ilikuwa meli kubwa, ya kisasa, haikuzidisha watu, na ilikuwa karibu kabisa na nchi kavu. Lakini mamia ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi la kujiokoa. Kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Kanuni hizo zilibadilishwa, na tangu Januari 2015 zoezi hilo linatakiwa kufanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapong'oa nanga.

Marekebisho hayo hayahitaji chuma wala mkopo. Yanahitaji dakika chache na mtu wa kueleza makoti ya kuokolea yako wapi, yanavaliwaje, na mlango upi utumike. Abiria wa vivuko vya ndani wanajua jinsi makoti hayo yanavyohifadhiwa: mara nyingi juu, yamefungwa kamba, au ndani ya sanduku ambalo mtu mwingine amelikalia. Katika kivuko kinachopinduka kwa muda mfupi, koti lililofungwa kamba halina tofauti na koti lililoachwa dukani.

Bonde la Kilombero lenyewe halijamalizana na maji. Barabara ya lami kutoka Kidatu hadi Ifakara, yenye kilomita 66.9, ilizinduliwa Agosti 2024, na kwa lami hiyo pamoja na daraja safari ya Mahenge imekuwa nyepesi kuliko wakati wowote. Lakini juu ya bonde, kuelekea Mlimba na Malinyi, wapo wakulima na wavuvi ambao bado huvuka kwa mtumbwi wa mti mmoja, wakishirikiana mto na viboko na mamba. Wengi wao wana baiskeli, gunia la mpunga na mtoto mgongoni. Kivuko cha magari 12 hakiwezi kuwafikia huko, na daraja la mabilioni halitafika mwaka huu wala ujao. Boti ya kawaida yenye injini, makoti ya kuokolea yanayotosha idadi ya wanaopanda, na mwendeshaji anayeruhusiwa kukataa abiria wa ziada, vingegharimu sehemu ndogo mno ya kile kinachotumika kwa sherehe moja ya kuteremsha meli majini.