Picha Kumi na Mbili Zatosha

Wenzangu kadhaa wametaka amri moja ya darasa letu la kupiga picha ifutwe, yaani ile ya kwamba mwanafunzi asipige zaidi ya picha 12 kwa Jumamosi moja. Husema kamera za siku hizi hazili filamu, basi mpaka wa nini? Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niwapinge, ingawa mimi mwenyewe nilinung'unika sana nilipoanza.

Jumamosi yangu ya kwanza nilizimaliza zote 12 kwa muda wa dakika tano. Niliwapanga rafiki zangu juu ya kilima hapa Mururu, wamevaa mashati meupe ya shule, mto Rusizi uko chini na nyumba za Bukavu ng'ambo. Ilikuwa saa sita mchana. Mashati yalitoka mazuri mno. Nyuso zilikuwa nyeusi tii, macho hayaonekani. Nikasema kamera ni mbovu. Mwalimu alicheka, akaniambia nikae chini nitazame tu mpaka jua lishuke.

Kamera haijui lipi ni shati na upi ni uso. Hupima mwanga wote ulio mbele yake, ikadhani kila kitu ni cha rangi ya wastani, kama kijivu. Ikikuta weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso wa mtu mweusi ndio unaolipa deni hilo. Dawa yake ni kusogea karibu na kupima mwanga usoni penyewe, au kupanua tundu la lenzi. (Hapo kwenye tundu pana kichekesho: namba 16 ni tundu dogo, namba 4 ni kubwa. Nilikosea juma zima.) Tena sisi tu karibu na ikweta. Mwezi wa Machi na wa Septemba jua la adhuhuri hutusimamia utosini, na kivuli cha nyusi huanguka machoni. Basi piga kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi, au umpeleke mtu kivulini.

Haya yote yamo vitabuni, lakini nisingeyajali kama ningekuwa na picha elfu za kupoteza. Kule Gisenyi, kaskazini mwa ziwa letu la Kivu, mwaka 2000 Mmarekani David Jiranek aliwapa kamera watoto wa Imbabazi, makao ya yatima yaliyoanzishwa na Bi. Rosamond Carr mwaka 1994. Zilikuwa kamera za kutupa, ambazo filamu yake ikiisha ndiyo basi. Picha za watoto wale zilionyeshwa hata Marekani. Kwa mpira wa miguu nakubali, 12 ni chache. Huko mwalimu na alegeze.

Lakini sababu yangu hasa ni ya nyumbani. Bibi yangu ana picha moja tu ya mjomba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Ilipigwa arusini, na aliyeipiga alikuwa na haraka. Shati lameremeta, na juu yake pana doa jeusi. Bibi hunionyesha kwa kidole mahali pua ilipokuwa. Nilikuwa nikidhani picha imezeeka. Sasa najua haikuzeeka. Ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Mwezi uliopita nilimwomba bibi nimpige yeye, akae mlangoni penye kivuli. Akaniuliza, "Safari hii uso utaonekana, mjukuu wangu?" Nikapima mwanga shavuni pake, nikangoja mpaka alipomaliza kufunga kitenge chake vizuri. Nilipiga tatu tu. Ile ya tatu ameiweka ukutani, kando ya ile ya mjomba.