Nani Aliyewamaliza Ndege wa Kinamasini?

Katika toleo lililopita la gazeti letu nilisoma habari za mjadala uliofanywa na wanafunzi wa chama cha wanyama na ndege. Mwisho wake walikata shauri, kwa kura nyingi, kwamba mtu yeyote achukuaye bunduki ni adui wa ndege. Nilicheka kidogo, kisha nikaacha. Nilicheka kwa sababu miongoni mwa maadui hao nimo mimi, niliyesoma katika shule hiyo hiyo na kulala katika mabweni yale yale. Nikaacha kucheka kwa sababu neno lile lina ukweli ndani yake, ingawa si ukweli wote. Basi naomba nafasi niseme upande wangu.

Baba yangu mkubwa alikuwa na bunduki ya marisau yenye midomo miwili, na leseni yake aliikunja akaiweka ndani ya Biblia. Katika miaka ya 1960, kila likizo nilikuwa mchukuzi wa mfuko wake, na baadaye nikapata leseni yangu mwenyewe. Tulikuwa tukiamka saa kumi usiku, tukashuka mpaka kwenye kinamasi cha mto Mpologoma, tukakaa ndani ya mtumbwi katikati ya mafunjo, kimya, mbu wakitula. Kulipopambazuka ndege walianza kuja: kwanza mabata wale wapigao mluzi, halafu bata mkubwa mweusi mwenye mwiba katika bawa. Kuanzia mwezi wa Oktoba walikuja na mabata wadogo wa kijivu, warukao upesi sana, ambao ilipofika Aprili hawakuonekana tena. Siku hizo sikujua kwamba hao walitoka Ulaya na Asia. Nilijua tu siku waliyofika na siku waliyoondoka, na hayo niliyajua kuliko nilivyojua tarehe za vita vya Napoleon.

Mzee huyo alikuwa na amri tatu. Usimpige ndege usiyemjua jina. Usimpige aliye mbali zaidi ya hatua arobaini. Usimpige mahali ambapo huwezi kwenda kumwokota. Msidhani kwamba alikuwa mtu wa huruma nyingi. Fataki zilikuwa ghali, na bata aliyeangukia kwenye mafunjo mazito ni fataki iliyotupwa. Lakini amri hizo zilikuwa nzuri, hata kama zilitoka mfukoni badala ya kutoka moyoni.

Siku moja niliivunja ile ya pili. Bata mkubwa alipita juu sana, nami nilitaka kumwonyesha baba mkubwa kwamba mimi ni mtu mzima. Nikapiga. Nilisikia marisau yakimgonga, kama mtu atupaye mchanga juu ya bati. Hakuanguka. Alikwenda zake, mguu mmoja ukining'inia, akapotea upande wa jua. Baba mkubwa hakunigombeza. Alifungua bunduki yake, akatoa fataki, akasema twende nyumbani. Baada ya siku nne watoto waliokuwa wakitega kamongo walimkuta bata mfu kwenye mafunjo, amekonda, mguu umeoza. Sikuwaambia ni wa nani.

Kwa miaka mingi nilidhani ndege wa namna hiyo ni wachache. Sivyo. Huko Slimbridge, Uingereza, hufika kila majira ya baridi bata maji weupe wenye shingo ndefu, watokao kaskazini ya Urusi. Wataalamu waliwakamata, wakawapiga picha za eksirei, kisha wakawaachilia. Katika miaka ya 1970, kati ya kila ndege 100 waliochunguzwa, 34 hivi walikuwa na marisau ndani ya miili yao. Katika miaka ya 2000 walikuwa bado 23 hivi. Na ndege hao wamelindwa na sheria katika nchi zote wanamopita! Maana yake ni kwamba watu wengi hupiga wasichokijua, au hupiga kilicho mbali, kisha hurudi nyumbani wakisema kwamba walikosa.

Tena kuna jambo ambalo hata baba mkubwa hakulijua. Fataki moja ya bata huwa na marisau zaidi ya 200. Yanayompata ndege ni machache, na mengine yote huanguka majini. Kwa Kiswahili madini yenyewe twayaita risasi, kwa hiyo sisi tungalipaswa kufahamu kabla ya wengine. Bata hana meno. Humeza changarawe ili zimsagie chakula ndani ya firigisi, naye hawezi kutofautisha changarawe na risau. Firigisi husaga risasi, maji makali ya tumboni huiyeyusha, nayo huingia katika damu. Mabawa hulegea, ndege hushindwa kula, hukonda akafa, wala hakuna aliyesikia mlio wa bunduki. Kwa sababu hiyo Marekani ilikataza marisau ya risasi katika uwindaji wa mabata mwaka 1991, Denmark ikayakataza katika uwindaji wote mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukayakataza katika vinamasi vyake vyote tangu Februari 2023. Mkataba wa kulinda ndege wa majini wa Afrika, Ulaya na Asia, uliofanywa The Hague mwaka 1995, ulitaka nchi zake ziyaache ifikapo mwaka 2000. Uganda nayo imo katika mkataba huo. Wawindaji wa huko hawakuacha kuwinda. Wengi wao walianza kutumia marisau ya chuma.

Basi, vijana, nimekwisha kukiri makosa ya bunduki, na nimeyakiri bila kufichaficha. Sasa nanyi nisikilizeni.

Bunduki yangu niliipeleka polisi mwaka 1974, maana miaka ile haikuwa miaka ya raia kukutwa na bunduki nyumbani. Tangu siku hiyo mpaka leo hakuna mtu aliyepiga bata mahali pale tulipokuwa tukifunga mtumbwi. Siku hizi Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 yakataza mtu kuwinda bila ruhusa, na adhabu yake si ndogo. Kama bunduki ingekuwa ndiyo adui peke yake, ndege wangalikuwa wamejaa tele, hata mtu asingepata pa kupita. Lakini nendeni mkatazame. Mafunjo hayapo. Pana mpunga, pana kabichi, na mahali penye udongo mzuri pana matanuru ya matofali. Nilikwenda huko mwezi wa Desemba, nikakaa toka alfajiri mpaka saa tatu. Niliona yangeyange kumi na mmoja na korongo mmoja. Bata, hata mmoja.

Si kwetu tu. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1994 vinamasi vilikuwa eneo la karibu eka 15 na nusu katika kila eka 100 za Uganda. Ilipofika mwaka 2008 zilikuwa zimebaki kama 11, na kukata kukaendelea baada ya hapo. Mtazameni korongo mwenye taji, ambaye tumemweka katika bendera tangu uhuru wa mwaka 1962. Kwa jirani zetu Waganda, watu wa ukoo wa Ngaali hawamli, maana ni mwiko wao. Wawindaji wa zamani hawakumgusa. Hata hivyo, tangu mwaka 2012 amehesabiwa duniani miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kwisha. Sababu mojawapo kubwa ni rahisi kueleza: hutaga mayai mawili au matatu tu, juu ya majani aliyoyalundika katika kinamasi, na kinamasi kikikaushwa hana pa kutaga. Twamheshimu juu ya mlingoti na kumnyang'anya kitanda chake.

Kuna jambo lililo baya zaidi. Huko Bunyala, magharibi ya Kenya, penye mashamba makubwa ya mpunga karibu na mto Nzoia, imejulikana kwa miaka mingi sasa kwamba watu hutia sumu ya wadudu ndani ya konokono na kuwatupa majini, na kumfunga ndege mmoja hai ili awaite wenzake. Korongo wale weusi wapendao konokono hushuka, hula, huanguka. Kisha nyama huuzwa sokoni kwa binadamu. Sumu haina amri tatu. Haiulizi jina la ndege, haipimi hatua arobaini, na akifa huko mbali, tai ala mzoga naye afa. Mtu wa namna hiyo hahitaji leseni wala ujuzi, wala kuamka saa kumi. Mkipiga kura tena, nawaomba mumtaje huyo kabla ya kunitaja mimi.

Wala sisemi kwamba wakulima ni watu wabaya. Mpunga wa kinamasi kile ndio uliolipa karo ya wajukuu wangu wawili, na mmoja wao alikuwamo katika mjadala wenu. Pengine aliinua mkono. Wali tuliokula sikukuu ulitoka hapo hapo walipolala mabata. Ndiyo maana nasema neno lenu si ukweli wote: latuwezesha kumnyoshea kidole mzee mwenye bunduki, ambaye hana tena bunduki, na kuiacha sahani yetu wenyewe bila kuulizwa swali.

Mtaniuliza, basi, mwindaji wafaa nini? Nawajibu kwa mifano miwili. Peter Scott, Mwingereza, baba yake alifia barafuni mwaka 1912 alipokuwa akirudi kutoka Ncha ya Kusini, naye katika barua yake ya mwisho alimwomba mkewe amfundishe mtoto kupenda viumbe. Mtoto huyo alikua mpiga mabata hodari sana. Kisha aliiacha bunduki, na mwaka 1946 akaanzisha hifadhi ya ndege pale pale Slimbridge nilipopataja, na mwaka 1961 akawa mmoja wa walioanzisha chama cha dunia nzima cha kulinda wanyamapori. Aliweza kuwatambua wale bata maji mmoja mmoja kwa alama za midomo yao. Jicho hilo alilipata wapi, kama si kwenye kuwinda?

Mfano wa pili uko kwetu, katika ghuba ya Mabamba, kando ya ziwa Victoria. Yuko huko ndege yule mkubwa wa kijivu, mwenye domo kama kiatu, ambaye hula kamongo. Wavuvi wa zamani waliamini kwamba kumwona asubuhi ni mkosi na kwamba siku hiyo hawatapata samaki, kwa hiyo waliwaua. Leo wako wavuvi wa huko wanaowapeleka wageni kwa mitumbwi kumtazama, na akifa mmoja ni hasara yao. Tangu mwaka 2006 ghuba hiyo imo katika orodha ya vinamasi vinavyotambuliwa na dunia. Kwa nini wao ndio waongozi? Kwa sababu wajua anakosimama. Chombo kilichopikwa samaki hakiachi kunuka vumba, na mtu aliyewahi kumvizia ndege haachi kumjua.

Shauri langu, basi, ni moja. Yeyote atakaye kusema neno juu ya ndege, awe wa kuwapiga, wa kuwalinda, au wa kulima wanapolala, kwanza awahesabu. Mimi nilikuwa na haki ya kupiga kwa miaka kumi, wala sikuandika hata siku moja nimeona wangapi. Leo nikisema mbele ya baraza kwamba zamani walikuwa elfu, kijana anijibu, "Mzee, ndivyo wazee wote wasemavyo," nami sina la kumwonyesha. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko lile la kupiga bata mbali.

Ninyi mna nafasi. Chini ya kiwanja cha mpira cha shule kingaliko kipande cha mafunjo, na nilipopita juzi niliona vigingi vipya vimechomekwa kando yake. Nunueni daftari moja. Kila mwezi wa Januari, wakati ndege wa majini wanapohesabiwa katika nchi nyingi za Afrika na Ulaya, shukeni alfajiri na mwalimu wenu. Andikeni tarehe, upepo, jina la ndege na idadi yake. Msiyemjua, msimwandike kwa kubahatisha. Ile ni amri ya kwanza ya baba mkubwa, nayo yafaa kwa kalamu kama ilivyofaa kwa bunduki. Rudieni mwezi wa Julai, na mwaka ujao, na mkimaliza shule waachieni wadogo zenu daftari hilo.

Siku mwenye vigingi atakapokuja mbele ya baraza kusema kwamba pale hapana kitu ila mbu, mtu mmoja asimame alifungue. Nami nikiwa hai, nitakuja kuketi nyuma yake. Na kama chama chenu hakimkatai adui, Januari ijayo nitakuja kuwaonyesha pa kukaa ili ndege wasiwaone.