iSight: Apple walitupiga changa la macho

Jamani, kuna mambo ambayo hata yakipita miaka mingi lazima yasemwe. Desemba 2006 kampuni ya Apple iliacha kuuza iSight, ile kamera ndogo ya mviringo iliyokuwa ikikaa juu ya skrini. Kosa lake nini? Hakuna.

Kwa wasioikumbuka: ilitoka Juni 2003 kwa dola 149. Bei kali, sikatai. Lakini waya mmoja wa FireWire ulibeba picha na umeme, maikrofoni ilikuwa humo humo, na kubwa kuliko yote, ukizungusha mdomo wake lenzi inafungwa. Umefunga, umefunga. Huna haja ya kumwamini mtu.

Najua wadau watanijibu: tangu Oktoba 2005 iMac zilikuja na kamera ndani, laptop zikafuata 2006, sasa ya nje ya nini?

Kwanza, Mac mini na Mac Pro hazikuwa na kamera, wala skrini za Apple za wakati ule. Skrini yao yenye kamera ilikuja 2008. Karibu miaka miwili wateja hao waliachwa wajitegemee.

Pili, na hapa ndipo penye uchungu, kamera ya ndani haina kifuniko. Tuliambiwa tuamini kitaa cha kijani. Desemba 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakaonyesha kwamba kwenye baadhi ya Mac za zamani kamera inaweza kuwashwa huku kitaa kimezimwa. Apple wanasema mashine za sasa haziwezi kufanya hivyo. Sawa, lakini bado ni neno lao. Mwaka 2016 hata Mark Zuckerberg alionekana pichani, na nyuma yake laptop iliyobandikwa utepe juu ya kamera! Watu wakanunua vifuniko, na 2020 Apple wakaonya kwamba ukifunga MacBook ikiwa na kifuniko unaweza kuharibu skrini. Yaani kinga waliyoijenga wenyewe 2003, ukijitafutia wewe unaambiwa unavunja mashine.

Tatu, kichekesho. Mwaka 2022 walitangaza kwa mbwembwe kwamba unaweza kubandika iPhone juu ya Mac iwe kamera yake. Kumbe kamera ya nje ilikuwa na maana! Ila sasa haitoki kwa dola 149, inataka simu nzima.

Sidai iSight irudi na picha zake za 640 kwa 480. Nadai kifuniko tu. Lenovo wamekiweka kwenye ThinkPad tangu 2018, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani.

Jicho langu nalifumba mwenyewe. La kompyuta niliyoinunua kwa jasho langu, kwa nini nimwachie mwingine?