*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: REDIO NA VING'ORA KWENYE MAGARI*



Wapo waliopendekeza msafara wetu ufungwe redio za upepo na king'ora, kwa kuwa mwenzetu mmoja ana leseni ya redio ya ridhaa. Mimi napinga.

Leseni ile ni haki yake. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, TCRA ndiyo inayotoa kibali cha masafa. Akiwa na karatasi zake, redio ndani ya gari haimfanyi mhalifu. Akisimamishwa, aonyeshe leseni kwa heshima. Chombo kikichukuliwa, sheria inamtaka askari atoe stakabadhi, aidai.

Lakini leseni ya ridhaa ni ya mtu binafsi, kwa kujifunza na mazungumzo yasiyo na maslahi ya fedha. Haigeuki kuwa ya chama. Wala haihalalishi king'ora na vimulimuli. Hivyo ni vya polisi, zimamoto, magari ya wagonjwa na wengine walioruhusiwa kisheria.

Tunaodai sheria ifuatwe tusijivike sura ya dola barabarani. Simu zinatosha. Naomba kikao kiondoe kifungu hicho kwenye bajeti, fedha iende kwenye mafuta.


*Katibu wa Tawi, Singida*