Theluthi ya Mshahara Haipimi Mkopo

Kuna imani iliyokita mizizi miongoni mwa waajiriwa wa Kenya: hati ya mshahara ikiwa bado ina nafasi, mkopo unalipika. Afisa wa mikopo anapitisha kalamu juu ya makato, anaona theluthi ya mshahara imesalia, anagonga muhuri. Mkopaji anatoka akiamini amepimwa akaonekana anaweza.

Hakupimwa. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza makato kuzidi theluthi mbili za ujira, ili mtu asifanye kazi mwezi mzima akarudi nyumbani mikono mitupu. Lengo lake ni kulinda ujira. Kuugeuza ulinzi huo kuwa ruhusa ya kukopa hadi ukingoni ni kuwadhulumu wafanyakazi.

Tuchukue karani wa Nakuru anayelipwa shilingi 60,000 bila marupurupu. Kwa viwango vya 2025, mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua 3,600, bima ya afya 1,650, ushuru wa nyumba 900 na kodi ya mapato kama 8,540. Zinabaki takriban 45,300. Theluthi ya mshahara wake ni 20,000, basi ataambiwa anaweza kukatwa mkopo wa 25,300 kila mwezi.

Ukilinganisha marejesho hayo na mshahara kabla ya makato, unapata asilimia 42. Lakini hakuna anayenunua unga kwa pesa zilizokwisha kwenda kwa serikali. Yalinganishe na kile ambacho kingemfikia mkononi: ni asilimia 56.

Zile 20,000 zilizobaki ndizo kodi ya nyumba, nauli, karo na mchango wa chama. Tena hati ya mshahara haioni kila deni. Haimwoni muuza duka mwenye daftari lake, wala haioni Fuliza, mkopo wa simu ulioanza 2019 na ambao hujilipa wenyewe pesa zinapoingia tu kwenye M-Pesa. Anayetaka kujua uwezo wake ajumlishe marejesho ya madeni haya yote, kisha agawanye kwa pesa anazozipokea kweli. Na asisahau kwamba asilimia 40 kwa mwenye 300,000 humwachia maisha; kwa mwenye 30,000 humwachia njaa.

Wapo watakaosema mshahara hupanda, deni litazoeleka. Wakumbuke yaliyotokea juzi. Karani huyo huyo, kama alikopa 2022 hadi akabakiwa na theluthi kamili, wakati huo NSSF ilikuwa 200 tu na ushuru wa nyumba haukuwapo. Viwango vipya vilipoingia kati ya 2023 na 2025, makato yake ya lazima yalipanda kwa takriban 3,000, hata baada ya kodi kupungua kidogo. Asipoongezwa mshahara, 20,000 zake zimekuwa 17,000, chini ya theluthi ambayo sheria inamhakikishia, na hajakopa hata senti moja zaidi.