Tunatunga Shanga za Wenzetu

Wasomaji wenzangu, kila toleo la gazeti letu limejaa mashairi ya mapenzi na hadithi za walioachwa solemba. Leo nipisheni niseme habari ya shanga. Atakayeona hayo ni mambo ya akina dada na watalii, asome mpaka mwisho kisha anijibu humuhumu. Kurasa zipo.

Kiswahili kina neno moja, kutunga, lenye kazi mbili. Mtu hutunga shanga kwenye uzi, na mtu hutunga shairi. Sisi tunaojiita watunzi tunalitumia jina moja na mwenye shanga, basi tusijivune sana. Lakini hebu tuulizane: ule ushanga wenyewe, kabla haujapita kwenye uzi, nani kautengeneza? Hapo ndipo midomo inapokuwa mizito.

Nitawajibu. Zile shanga ndogondogo za Wamasai, ambazo kila kadi ya posta inaziita Afrika yenyewe, kwa miaka mingi zimetoka Jablonec, mji wa Jamhuri ya Cheki. Zamani za misafara nyingi zilitoka Venice, na kabla ya hapo India. Siku hizi sokoni zimejaa za China. Hata zile za kiunoni, ambazo vijana wa mjini mnajidai mnazijua kuliko vitabu vyenu, zimeshuka melini.

Sisemi mama wa Kimasai anadanganya. Hata kidogo. Mpangilio wa rangi ni wake na maana yake ni yake, hakuna Mcheki aliyemfundisha. Wala wazee wetu hawakuwa watu wa kupokea chochote. Wareno walipofika Sofala mwanzoni mwa karne ya 16, wenyeji walizikataa shanga zao, wakataka zile walizozizoea kutoka Cambay. Burton, aliyeanza safari yake ya bara mwaka 1857, aliandika kuwa Zanzibar kulikuwa na aina za shanga zipatazo 400, na ole wako ubebe rangi iliyopitwa na wakati huko uendako. Mzigo mzima umekuwa takataka! Hao walikuwa wanunuzi wenye macho. Ninaogombana nao ni sisi wa leo.

Mtaani kwetu yupo dada mmoja, simtaji jina, anayetengeneza shanga za kioo chumbani kwake kwa moto wa gesi. Si kutunga, nasema kutengeneza. Anaokota chupa, anaziosha, anazivunja vipande vyembamba. Ana njiti za chuma alizozipaka udongo laini ili kioo kisigandie. Mkono mmoja unashika kipande cha chupa motoni mpaka kinalegea kama asali, mwingine unazungusha njiti, na kioo kinajiviringisha pale. Akiacha kuzungusha kidogo tu, ushanga unalala upande. Ukipoa harakaharaka unapasuka, kwa hiyo anaufukia kwenye majivu ya moto upoe polepole. Mdogo unapona, mkubwa unataka tanuri hasa. Akichanganya chupa ya kijani ya bia na chupa nyeupe ya soda, asubuhi huenda akakuta nyufa, maana kila kioo husinyaa kwa kiasi chake. Dirisha wazi, miwani machoni, mtungi mbali na moto, watoto nje. Kazi ya siku nzima inaenea kwenye kiganja.

Basi akazipeleka shanga zake kwenye duka moja la zawadi mjini. Wakazigeuzageuza, wakamrudishia. Eti hazina sura ya Kiafrika! Jamani! Chupa imenywewa Dar es Salaam, kioo kimeyeyushwa Dar es Salaam, mkono ni wa binti wa Dar es Salaam. Halafu ukutani, nyuma ya muuzaji huyohuyo, zimening'inia shanga za kiwanda cha ng'ambo, na hizo ndizo za Kiafrika. Kwa nini? Kwa sababu mtalii amezizoea. Yaani mgeni ndiye anayetuambia Uafrika wetu upo wapi, sisi tunagonga mhuri.

Wakampa na sababu ya pili: hazilingani. Ni kweli hazilingani, na zitalingana vipi? Shanga ndogo za kiwandani zinakatwa na mashine kutoka kwenye mrija mrefu wa kioo. Zina kazi yake, maana huwezi kutengeneza ukosi wa Kimasai kwa shanga nene na nyembamba. Lakini ushanga wa motoni unazaliwa mmoja mmoja. Huko Venice kwenyewe wanawake wengi walizitengeneza hivyohivyo majumbani mwao. Na Purdilpur, India, familia zimeifanya kazi hiyo nyumbani kizazi hata kizazi. Zikija kutoka kwa hao tunasema ni ufundi wa mkono. Zikitoka chumba cha jirani tunasema ni kasoro.

Wengine wananituliza kwa methali: kizuri chajiuza. Bwana, kizuri kikifungiwa mlango kitajiuza kwa nani?

Wala msiniambie kuyeyusha kioo ni kazi ya Wazungu. Ile-Ife, Nigeria, watu walitengeneza kioo chao na shanga zao karne nyingi kabla Mreno hajatia nanga. Kule K2, karibu na Mapungubwe, Afrika Kusini, walizichukua shanga ndogo za kigeni wakaziyeyusha, wakapata shanga zao kubwa kwa kalibu za udongo. Wakrobo wa Ghana husaga chupa, hujaza unga wake kwenye kalibu na kusimamisha kikonyo cha jani la muhogo katikati. Kikonyo kinaungua tanurini, tundu linabaki. Na hapa Afrika Mashariki, Kitengela karibu na Nairobi, na karakana ya Shanga ya Arusha iliyowapa kazi watu wenye ulemavu, zimekwisha kuonyesha kuwa chupa ya jalalani inaweza kuvaliwa shingoni. Kwa hiyo ujuzi upo. Kinachokosekana ni sisi kununua.

Najua mtasema gesi ni ghali na shanga za kigeni zinauzwa kwa kilo, huyo dada atashindana vipi? Hatashindana kwa kilo, na asijaribu. Kinachouzwa hapo ni ushanga mmoja ambao hauna pacha. Lakini atauuzaje kwa watu wanaoona haya kulipia mkono wa mtu wanayemjua?

Na sisi waandishi tusicheke. Mimi nimeishia kidato cha nne, riwaya yangu imelala kwenye madaftari matatu, na wenzangu wengi hivyohivyo. Lakini fungueni hizo kazi zetu. Mpelelezi kavaa koti refu na kofia, anapita Kariakoo saa nane mchana, jua lile! Kapiga pombe asiyowahi kuionja mwandishi, kabusu msichana mwenye jina la kwenye filamu. Hizo ni shanga za kilo, ndugu zangu. Tumezikuta zimekwisha tengenezwa, tumezitia uzi, tukajiita watunzi. Na anayeandika maji yalivyokatika Manzese anaambiwa haina sura ya riwaya. Mnaisikia ile sauti ya dukani?

Ombi langu ni dogo. Ukienda kununua shanga, muulize muuzaji zimetengenezwa wapi na nani. Akisema hajui, mwambie akaulize. Wenye maduka, tengeni hata msumari mmoja ukutani kwa ajili ya fundi wa mtaani, na bei muiandike bila kuona haya. Na anayeona nimepotoka aandike, nitamjibu toleo lijalo. Ila asije kunithibitishia Uafrika wangu kwa shanga za Jablonec.