Haki si Hisani

Sheria hutungwa kwa ajili ya nani? Swali hili hujadiliwa sana katika kumbi za wasomi, lakini uzito wake huonekana vema zaidi katika nyumba ya mkulima wa Haneti ambaye mwanawe yuko mahabusu Dodoma mjini. Kila baada ya majuma mawili hivi familia hutafuta nauli. Mara nyingine mbuzi huuzwa, mara nyingine gunia la alizeti. Wanaondoka alfajiri, wanaketi mahakamani, jina linatajwa, mwendesha mashtaka anaeleza kwamba upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine inapangwa. Shughuli yote huchukua dakika chache. Hatumzungumzii mtu mmoja hapa. Huu ni mwenendo unaofahamika katika familia nyingi za kanda yetu ya kati, na kwa miaka mingi mahabusu, yaani watu ambao bado hawajahukumiwa, wamekuwa karibu nusu ya wote waliomo magerezani nchini.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili, linalolenga mafao ya wengi, linalotolewa na mwenye dhamana ya kuitunza jumuiya, na lililotangazwa kwa wanaopaswa kulitii. Kila sehemu ya fundisho hilo ni kipimo. Tukianza na ile ya mwisho, hatuna budi kukiri kwamba kwa miongo mingi Watanzania walihukumiwa kwa sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawaijui. Ni mwaka 2021 tu Bunge lilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo ilistahili pongezi, ingawa kuielewa hukumu ni jambo moja na kuipata kwa wakati ni jambo jingine.

Kwa maoni yetu, kipimo cha mafao ya wengi kinadai hivi: mtu asiyemjua mkubwa yeyote awe salama sawasawa na anayemjua. Kama sheria haiwezi kumhakikishia hilo, basi mnyonge anabaki alipokuwa kabla ya sheria kuwapo, akitegemea huruma ya mwenye nguvu. Hapo ndipo tunapoona kasoro kubwa ya mfumo wetu wa haki jinai.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu ambacho wengi wanakijua kama 148(5), inataja makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengineyo. Mtu akishtakiwa kwa kosa mojawapo, hakimu hana nafasi ya kupima kama mshtakiwa ana makazi, ana watoto, ni mgonjwa, au kama kuna hofu yoyote ya kweli kwamba atatoroka. Jina la kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka limekwisha kuamua. Na anayeliandika si hakimu, ni upande wa mashtaka. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Kifungu kikabaki.

Matokeo yake tumeyaona. Viongozi wa Jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, walioshtakiwa kwa ugaidi huku Bara mwaka 2014, walitoka Juni 2021 baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuiondoa kesi. Hawa ni masheikh, si waamini wetu, na ndiyo sababu tunaanza nao: haki inayotetewa kwa ndugu wa imani moja tu haijawa haki. Walitoka bila hukumu. Hawakutiwa hatiani, wala hawakutangazwa kuwa hawana hatia. Miaka yao hakuna aliyeihesabu kuwa adhabu, kwa kuwa kisheria haikuwa adhabu.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 na ghasia zilizoufuata, mamia ya watu, wengi wao vijana, walishtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Novemba 14, akilifungua Bunge hapa Dodoma, Rais aliitaka Ofisi ya Mashtaka iwatazame waliofuata mkumbo na kuwafutia makosa. Siku chache baadaye wengi wakaachiwa. Tulifurahi pamoja na wazazi wao. Nani asingefurahi? Lakini furaha hiyo isituzuie kuuliza: kama ushahidi wa uhaini ulikuwapo, uliyeyukia wapi ndani ya majuma machache? Na kama haukuwapo, vijana hao walilala gerezani kwa amri ya sheria ipi? Aliyefungwa kwa kalamu ya ofisi na kufunguliwa kwa neno la mkuu amepata hisani. Haki hajaipata bado.

Wapo watakaotukumbusha kilio cha waliopoteza ndugu zao kwa mikono ya wauaji, nasi hatukidharau. Jamii inayo haki ya kujilinda, na wapo washtakiwa ambao hakimu mwenye busara angewanyima dhamana. Ila kesi inayokaa miaka bila kusikilizwa haimsaidii hata mjane wa aliyeuawa. Mashahidi huhama, wengine hufa, na ushahidi huchakaa stoo.

Matendo ya Mitume yanatuhifadhia kisa ambacho hatukitafakari vya kutosha. Paulo alikaa kizuizini Kaisaria miaka miwili kwa sababu liwali Felisi alitarajia kupewa fedha, na alipoondoka madarakani alimwacha kifungoni ili kuwapendeza watu (Mdo 24:26-27). Festo aliyemrithi, mpagani huyo, aliona ni jambo lisilo na maana kumpeleka mfungwa kwa Kaisari bila kuonesha mashtaka yake (Mdo 25:27). Baba Mtakatifu Fransisko naye, akizungumza na wanasheria wa makosa ya jinai Oktoba 2014, alionya kwamba mahabusu ikitumiwa vibaya hugeuka adhabu iliyofichwa.

Serikali haikulifumbia macho jambo hili kabisa. Januari 2023 iliundwa Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikakabidhi taarifa yake Julai mwaka huohuo. Kabla ya hapo, mwaka 2022, sheria ilikuwa imekwisha kukataza mtu kufikishwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Lakini katazo hilo liliyaacha nje makosa makubwa, yaani yaleyale ambayo mshtakiwa wake hana dhamana na hukaa muda mrefu zaidi. Aliyeibiwa kuku analindwa na mabadiliko hayo kuliko kijana aliyetajwa kwenye kesi ya mauaji. Tunasema aliyeibiwa, lakini kwa hakika hata mwizi wake analindwa zaidi.

Kurekebisha hakuhitaji ujenzi wa mahakama mpya. Bunge, ambalo hukutana hapahapa mkoani kwetu, linaweza kumrudishia hakimu mamlaka ya kuamua juu ya dhamana katika kila kosa, na kuuwekea upelelezi kikomo kisicho na mlango wa nyuma. Ibara ya 107A ya Katiba inaziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi.

Wakati tukilisubiri Bunge, wapo mahabusu ambao makosa yao yana dhamana na bado wamo ndani, kwa kukosa tu wadhamini wanaokubalika. Kwa kawaida mdhamini hutakiwa kuwa na kitambulisho na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa wake. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinawajua waliokamatwa, zinazijua familia zao, na zinawajua watendaji. Kwenye mkutano wa jumuiya juma hili, baada ya masomo, aulizwe kila mmoja: katika kitongoji chetu, ni nani yuko Isanga, na amekosa wadhamini wangapi?